Mapafu Hayajaungua Yote

Meza ya cherehani ya baba mdogo ina mistari myeusi ukingoni, upande wa mkono wa kulia. Ni alama za sigara. Kila alipohitaji mikono miwili kunyoosha kitambaa, aliilaza sigara pale, kichwa cha moto kikining'inia nje ya mbao, akaendelea kukanyaga pedali hadi akaisahau. Mbao ikaungua kidogo. Kesho yake tena. Nyingine zimepandana, huwezi kujua ipi ni ya lini.

Kibanda chake kiko Ngamiani, Tanga, kwenye baraza la nyumba ya kupanga, na jirani yake wa mkono wa kushoto ni muuza kahawa. Kahawa na sigara, kwa baba mdogo, havikuwa vitu viwili. Alianza kuvuta akiwa na miaka 18. Mwaka jana alitimiza 61. Ukichukua sigara ishirini kwa siku, na kuna siku zilizidi, hizo ni pakiti zaidi ya 15,000.

Mimi nilivuta miaka 17, nikaacha. Nilipoona nimeshavuka mwaka bila kugusa hata kipisi, nilikwenda kumsalimia, na katika mazungumzo nikamwomba na yeye aache. Hakukasirika. Aliitoa sigara mdomoni, akaitazama, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe ulikuwa bado mbichi. Mimi nimeshaungua ndani. Nikiacha leo, nitafaidi nini? Si bora nimalizie tu?"

Maneno hayo nimeyasikia kwa dereva wa lori, kwa mvuvi wa Deep Sea pale Tanga, kwa mwalimu mstaafu. Nimeshaungua. Yana sauti ya mtu mzima aliyekubali yaliyomfika, wala hakuna anayeyasema kwa majivuno. Ndiyo sababu nayaogopa kuliko tangazo lolote la sigara. Tangazo humvuta kijana aanze. Maneno haya humfunga mzee asitoke. Na kama maelezo ya kilichomo ndani ya kifua cha mtu aliyevuta miaka arobaini, si ya kweli.

Januari 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Uingereza, kutoka Taasisi ya Wellcome Sanger iliyo karibu na Cambridge na University College London. Walifanya kazi na watu 16 tu: watoto, watu wazima wasiowahi kuvuta, watu walioacha, na watu waliokuwa bado wanavuta. Wote walikuwa wanapimwa kwa sababu zao nyingine, kwa kupitishiwa mrija mwembamba kwenye njia ya hewa, na madaktari wakachukua chembe ya utando unaotandika njia hiyo kwa ndani. Kule maabara seli zikatenganishwa moja moja. Kila moja ikaoteshwa peke yake, kama mche kwenye kiriba, mpaka ikazaliana na kuwa kundi. Yakapatikana makundi 632, kila moja limetokana na seli moja ya mapafu ya mtu. Kisha wakayasoma maandishi yaliyo ndani yake, herufi kwa herufi.

Maandishi hayo ni DNA. Kila seli inayo, imeandikwa kwa herufi nne tu, na ndiyo yanayoiambia seli ifanye kazi gani, igawanyike lini, ife lini. Moshi wa sigara umebeba zaidi ya kemikali 60 zinazojulikana kuleta saratani, na baadhi yake hujibandika juu ya herufi hizo. Seli inapojinakili inazisoma vibaya, na kosa linahamia kwenye nakala, na nakala ya nakala. Kosa moja mara nyingi halidhuru, hata mtu asiyevuta anakusanya makosa yake kwa uzee tu. Shida ni pale makosa yanapokuwa maelfu, kwa sababu hapo uwezekano unakua kwamba mojawapo limeangukia pale pale penye amri ya "acha kugawanyika".

Kwa waliokuwa wanavuta, watafiti walikuta walichokitarajia, ila kwa kiwango cha kutisha. Seli nyingi zilikuwa na maelfu ya makosa ya ziada, nyingine hadi 10,000 zaidi ya yale ya mtu asiyevuta. Zaidi ya robo ya seli zilizoharibika zilikuwa tayari na angalau kosa moja la aina ile inayosukuma seli kuelekea saratani. Kama utafiti ungeishia hapo, baba mdogo angekuwa na haki ya kusema alichosema.

Lakini walipofungua seli za walioacha, walikuta kundi la pili. Pembeni ya seli zilizochakaa kulikuwa na nyingine ambazo maandishi yake yalikuwa karibu safi, yanafanana na ya mtu wa umri ule ule ambaye hajawahi kuweka sigara mdomoni. Kwa baadhi ya watu hao zilifika seli 40 katika kila 100. Hata kwa waliokuwa bado wanavuta zilikuwepo, ila chache. Kwa walioacha zilikuwa karibu mara nne. Na kati ya walioacha walikuwemo watu waliovuta, kwa hesabu ya Peter Campbell aliyekuwa mmoja wa viongozi wa utafiti, zaidi ya pakiti 15,000 katika maisha yao. Pakiti za baba mdogo, kabisa.

Hapa panahitaji kutulia, maana ni rahisi kuelewa vibaya. Seli zile zilizochakaa hazikuwa zimejitengeneza. Kosa likishaandikwa na kunakiliwa halifutiki. Hizi safi ni nyingine. Zilinusurika tangu mwanzo, zikakaa zimejificha mahali fulani katika utando miaka yote ile ya moshi, na moshi ulipokoma zikaanza kuzaliana na kuchukua nafasi ya zile zilizoharibika. Ushahidi wa kwamba zilikuwa zimelala uko kwenye ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA. Kila seli inapogawanyika, ncha hizo hupungua kidogo. Seli safi zilikuwa na ncha ndefu kuliko zile zilizochakaa, maana yake katika maisha yake zimegawanyika mara chache.

Nilipomweleza baba mdogo nilitumia pindo. Nikamwambia, ukiletewa suruali ambayo kila fundi ameifungua na kuikata kidogo chini, pindo lake linabaki jembamba. Ukiikuta suruali ya zamani yenye pindo pana ndani, unajua hii haikupita kwenye mikono mingi, ilikaa kabatini. Alikuwa ameshika suruali ya shule ya mtoto wa jirani. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye pindo.

"Kwa hiyo zilikuwa kabatini."

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hiyo? Na moshi wote huu?"

Nikamwambia ndivyo walivyokuta. Hakusema kitu. Akawasha sigara nyingine, nami nikaondoka nikidhani nimeshindwa.

Ni haki niseme na upande wa pili, kwa sababu matumaini ya uongo humrudisha mtu kwenye sigara haraka kuliko woga. Watu 16 ni wachache. Tena utafiti ule ulihusu utando wa njia ya hewa, siyo kila kitu kilichomo kifuani. Kule mwisho kabisa wa mirija kuna vifuko vidogo vidogo ambamo hewa safi inaingia kwenye damu, na moshi wa miaka mingi hubomoa kuta zake. Kuta hizo zikibomoka hazijengeki tena. Mzee anayehema akipanda ngazi mbili, kuacha sigara hakutamrudishia kifua cha ujana.

Kinachobadilika ni mwendo wa kuteremka. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto walitoa matokeo ya wafanyakazi wanaume 792 wa London waliopimwa nguvu ya kupuliza hewa kwa miaka minane. Kila binadamu hupoteza pumzi kidogo kidogo kadiri anavyozeeka, lakini mvutaji ambaye mapafu yake yanaathirika kirahisi na moshi huporomoka kwa kasi. Akiacha, alichopoteza hakirudi, ila kasi yake inashuka na kuwa kama ya mtu asiyevuta. Kwa mtu wa miaka 60 tofauti hiyo ni kubwa mno. Ndiyo inayoamua kama akifika 70 atakwenda msikitini kwa miguu yake au atakaa kitandani amefungwa mtungi wa oksijeni.

Halafu kuna hesabu ya miaka yenyewe. Kabla ya mwaka 1950 haikufahamika kwa nini saratani ya mapafu ilikuwa inaongezeka hivyo Uingereza. Daktari kijana, Richard Doll, alishuku lami ya barabarani na moshi wa magari. Yeye na mwenzake Austin Bradford Hill wakaanza kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London kuhusu kila kitu, na jibu likajitokeza mahali wasipopatazamia. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Alipoona majibu yanavyopangika, akaacha.

Mwaka 1951 wakawaandikia barua madaktari wa Uingereza, wakiwauliza mmoja mmoja: unavuta, uliacha, au hujawahi? Kisha wakasubiri. Walifuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka 50, wakiandika nani kafa, lini, na kwa ugonjwa gani. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2004, Doll akiwa na miaka 91 na jina lake likiwa bado la kwanza kwenye makala. Wavutaji wa maisha walikufa, kwa wastani, miaka kumi mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa karibu miaka yote kumi. Aliyeacha akiwa na 40 aliokoa tisa, akiwa na 50 aliokoa sita. Na aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa mitatu.

Miaka mitatu. Baba mdogo ana mjukuu anayejifunza kutunga uzi kwenye sindano. Sihitaji kueleza zaidi miaka mitatu ni kitu gani.

Na sasa arosto, yaani mateso ya kukosa sigara, maana unaweza kumwonyesha mtu tarakimu zote hizi na bado saa mbili baadaye mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Neno arosto tumezoea kulisikia kwa watumiaji wa unga, lakini wavutaji nao wanalitumia, na wako sahihi. Nikotini inapoingia na moshi hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, kumi au ishirini hivi. Kule inakuta vipokezi, tuseme vitasa ambavyo funguo zake za asili ni kemikali ya mwili wenyewe. Nikotini nayo inaingia kwenye vitasa hivyo na kuvifungua. Ukivuta kila siku, ubongo unaongeza idadi ya vitasa, mpaka unakuwa navyo vingi kuliko mtu wa kawaida, na vyote vinadai. Nikotini iliyo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ndiyo maana sigara tamu kuliko zote ni ile ya alfajiri: usiku kucha hukuvuta, vitasa vyote viko vitupu vinangoja.

Basi ule utulivu tunaousifia, kwa sehemu kubwa, ni arosto kupoa. Sigara inaondoa dhiki iliyoletwa na sigara ya kabla yake. Watafiti waliolinganisha hali ya watu kabla na baada ya kuacha wamekuta kwamba wiki kadhaa baadaye walioacha wana wasiwasi mdogo na huzuni ndogo kuliko walipokuwa wanavuta. Mimi ningebisha kama nisingelipitia.

Wiki ya kwanza ndiyo inayoangusha wengi, hasa siku tatu za mwanzo. Lakini vitasa vile vya ziada havikai milele. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili idadi yake hurudi kuwa kama ya mtu asiyevuta. Natamani mtu angenipa tarehe hizo nilipoacha mara ya kwanza. Nilidhani nitakuwa vile maisha yangu yote, nikitazama ukuta na kugombana na mke wangu kwa ajili ya chumvi.

Kuna jambo lingine dogo ambalo kwa watu wa pwani si dogo hata kidogo. Ni kahawa. Moshi wa sigara, siyo nikotini, huliamsha ini lifanye kazi kwa kasi katika kusafisha baadhi ya vitu kwenye damu, na kafeini ni mojawapo. Mvutaji anaondoa kafeini haraka, kwa hiyo anakunywa vikombe vingi bila kusikia kitu. Siku anapoacha, ini linapunguza kasi. Anaendelea na vikombe vyake vile vile, na kiwango cha kafeini kwenye damu kinapanda hadi mara mbili au zaidi. Moyo unadunda. Mikono inatetemeka. Usingizi hauji. Anajiambia, hii arosto itaniua, kumbe kinachomsumbua kwa kiasi kikubwa ni kahawa ya barazani. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinane kwa jioni moja. Nilipovipunguza kuwa vitatu, nusu ya mateso yangu yaliondoka ndani ya siku mbili, na nilikasirika kweli kweli kwamba sikuwa nimeambiwa.

Na kikohozi. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi na uchafu kuelekea kooni. Moshi huvilegeza. Ukiacha vinaanza tena kufagia, na katika wiki za mwanzo baadhi ya watu hukohoa kuliko walivyokohoa wakivuta. Najua mtu aliyerudi kwenye sigara kwa sababu hiyo tu, akiamini kwamba kuacha ndiko kulikomwingizia ugonjwa. Lakini kikohozi kisichoisha baada ya wiki kadhaa, au chenye damu, hicho ni cha kupeleka hospitali bila kungoja.

Baba mdogo, kabla ya yote haya, alikuwa na mpango wake: atapunguza. Kutoka ishirini hadi kumi, kumi hadi tano, abaki na moja ya baada ya futari. Kwetu mpango huu unajipendekeza, kwa kuwa sigara inauzwa moja moja, na mtu akinunua moja anajiona amejizuia. Moyo lakini hauhesabu hivyo. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2018 katika jarida la madaktari la Uingereza, ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mwenye kuvuta ishirini. Kupungua kwa sigara 19 kunaondoa nusu tu.

Na katika kuacha kwenyewe, utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2016 uliwagawa wavutaji 697 katika makundi mawili: moja likate siku iliyopangwa, jingine lipunguze kwa wiki mbili kwanza ndipo likate. Wote walipewa dawa na ushauri. Baada ya wiki nne, waliokata moja kwa moja walibaki bila sigara 49 kwa kila 100, waliopunguza 39. Hata kati ya watu waliosema wangependelea kupunguza, kukata kuliwafaa zaidi. Kwa hiyo chagua siku. Mwambie mkeo, mwambie muuza kahawa, toa kiberiti nyumbani.

Dawa zipo, na si aibu kuzitumia. Kati ya wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao peke yao, bila msaada wowote, wanaobaki wameacha baada ya mwaka ni wachache sana, watatu hadi watano katika mia. Msaada unapandisha idadi hiyo, na huanzia hata kwenye neno la daktari: katika utafiti wa London wa mwaka 1979, madaktari walipomwambia kila mgonjwa mvutaji, hata asiyepanga kuacha, kwa dakika moja au mbili aache, wakampa kijikaratasi na kumwambia watamfuatilia, watano katika mia waliacha na kubaki hivyo mwaka mzima. Wasioambiwa kitu hawakufika hata mmoja katika mia.

Dawa ya kwanza ya nikotini ilitoka baharini, chini kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1967 mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alimwandikia rafiki yake Ove Fernö, mkemia wa kiwanda cha dawa, kwamba ameona mabaharia wa nyambizi, wasioruhusiwa kuvuta wakiwa ndani, wakijituliza na tumbaku ya kuweka mdomoni. Fernö, mvutaji mkubwa, akafikiri: kama shida ni nikotini, kwa nini nisiwape nikotini bila moshi? Kazi ile ikazaa bigijii ya nikotini, iliyoidhinishwa kwanza Uswisi mwaka 1978. Wazo lake lina akili sana. Nikotini ndiyo inayofunga mtu, lakini kinacholeta saratani na kuziba mirija ni lami na gesi za moshi. Bigijii au plasta ya ngozini inatuliza vitasa wakati mtu anajifunza kuishi bila moshi, kisha nayo inapunguzwa. Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Kuna na kidonge cha saitisini, kinachotokana na mbegu za mti uitwao Laburnum, ambacho Bulgaria walianza kukiuza tangu 1964. Mimi nilizunguka maduka matatu ya dawa kabla sijapata plasta, na bei yake ilinishtua, mpaka nilipoilinganisha na sigara za mwezi mmoja.

Nilianguka mara mbili, niseme wazi. Mara ya pili nilikuwa nimemaliza miezi mitano. Ilikuwa msibani, usiku, tumekaa kwenye viti vya kukodi, na mtu akanyoosha pakiti bila hata kunitazama, nami nikachukua kama mtu anayepokea maji. Asubuhi nilinunua pakiti yangu. Aliyevuta miaka mingi hujaribu mara nyingi kabla hajafaulu, na kila jaribio linamwonyesha ulipo mlango ambao sigara hupitia kurudi. Wangu ulikuwa misiba. Tangu hapo nikienda msibani nakaa na wanaochinja na kupika, mikono yangu iwe na kazi.

Mlango wa baba mdogo ulikuwa kahawa ya baada ya futari.

Miezi kadhaa baada ya yale mazungumzo ya pindo, mama mdogo alinipigia simu. Ilikuwa mfungo wa nne wa Ramadhani. Akasema baba yako hajavuta tangu mwezi ulipoandama. Sikuamini. Mchana wote wa Ramadhani huwa havuti, hilo linajulikana, saa kumi na tatu na zaidi bila hata pafu, na kila mwaka nilimwambia kwamba hiyo ndiyo dalili kwamba anaweza. Kila mwaka adhana ya magharibi ilimkuta na kiberiti mkononi. Safari hii alikula tende, akasali, akala uji, na muuza kahawa alipoinua birika akamwambia, leo nusu kikombe.

Nilikwenda Tanga baada ya Idi. Nilimkuta kwenye cherehani, ameshika chaki ya fundi kati ya kidole cha shahada na cha kati, pale pale palipokaa sigara miaka 43. Chaki ilikuwa imelika pembe zote, imekuwa mviringo kama kipande cha sabuni. Alipohitaji mikono miwili aliilaza ukingoni mwa meza, juu ya mistari myeusi, na ilipoachia unga mweupe kwenye mbao aliufuta kwa kiganja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa." Akakohoa, akameza mate, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza bila kutetemeka. "Hebu niambie. Zile za kabatini, kuanzia mwezi ulipoandama mpaka leo, zitakuwa zimeshatoka ngapi?"

Nikamwambia hilo huwezi kulihesabu kwa wiki, ni kazi ya miaka.

"Basi anza kuhesabu," akasema, akakanyaga pedali.